Gumba Halina Namba

Tulikwenda kumwandikisha mtoto,
akaandikishwa baba.
"Hapa kwangu," alisema Bi Ishbel, "mzazi hushika upinde kwanza.
Mtoto akimtazama ataona wivu,
na wivu ndio mwanafunzi ninayemtaka."

Hidaya, miaka sita, meno mawili ya mbele hana,
akapewa boksi tupu la shayiri
lililogandishwa rula kwa utepe.
Alishike chini ya kidevu, lisianguke,
huku mimi, mkanda unga wa zamu ya usiku,
nikipewa fidla ya kweli, ya kuazima,
mikononi mwangu mnanuka hamira.

Bi Ishbel alinihesabia vidole upya.
Cha shahada, moja. Cha kati, mbili.
Cha pete, tatu. Cha mwisho, nne.
Na hiki?
"Gumba halina namba, Bwana Shemdoe.
Hukaa nyuma ya shingo, halibonyezi uzi,
wala haliwi kitu kwa wanaotazama."
Nikacheka peke yangu.
Kidole kimoja hakivunji chawa, twasema,
na kila aliyewahi kuvunja chawa anajua kazi ile ni ya gumba.

Kisha upinde ukapakwa ulimbo.
Ulimbo naujua. Nilipokuwa na umri wa Hidaya
niliutegea chiriku.
Nikajiambia: basi sauti nayo ni ndege,
haitui mpaka pawe na kinachonata.
Ikatua. Mola anisamehe.
Ililia kama mlango wa ghala.
Hidaya akaziba masikio kwa mikono yote miwili,
boksi likaanguka.

Dundee, Desemba: saa kumi haijapiga
na taa za barabarani zimeshawaka.
Nampokea getini, tunapanda kilima na mvua yake,
chai, mkate uliokataliwa kiwandani kwa kupinda,
halafu dakika ishirini.
Mama yake hupiga simu toka wodini:
"Leo nani alikuwa anakwangua sufuria?"
"Baba," anajibu mtoto, bila huruma.

Si kila siku kulikuwa na kicheko.
Siku moja nilikuwa sijalala,
na kiwiko chake kikashuka, kikashuka,
nikapiga meza. Kikombe kikaruka.
Hidaya aliilaza fidla yake, ile ndogo ya robo,
kama mtu anayelaza kichanga,
akafunga zipu mpaka mwisho, akasema,
"Bi Ishbel hapigi meza."
Nilikwenda jikoni kufuta chai.
Nilifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Kidole changu cha nne kilibanwa na mashine
mwaka wangu wa kwanza hapa. Hakikunjiki.
Kwa hiyo kila wimbo una mahali ninapoishia,
noti moja iliyoko juu ya rafu.
Yeye aliifikia mwezi wa Machi.
Nilidhani atajigamba.
Alikuja, akasimama ubavuni mwangu,
akanyoosha mkono juu ya uzi wangu,
akaweka kidole chake, chembamba, kina wino wa shule.
"Vuta, baba. Nimekubonyezea."
Nikavuta.

Jumanne iliyopita Bi Ishbel alifungua mlango
na kuufunga kati yetu, kwa upole wa daktari.
"Sasa anatosha. Wewe ngoja hapo nje."
Hapo nje ni ukumbi wa makoti yanayodondoka maji,
viti viwili, rejeta isiyofanya kazi.
Namsikia akikosea mstari wa pili.
Namsikia anarudia, bila mtu kumwambia.
Kiwiko, nasema. Koti la jirani halijibu.

Mwavuli uko magotini. Nimeushika mpini,
na ninapotazama chini
vidole vinne vimekwisha jipanga mahali pake,
kile kibovu kimesimama wima kama mlinzi,
na nyuma, pasipo namba, gumba limekaza.