Siku Mbili Tu

Taa za Tazara nilimlaumu mwenye Fuso.
Nikapandisha vioo, nikasonya:
watu hawana haya, gari limeoza
bado wanalileta barabarani kutuvutisha.

Buguruni nikawalaumu wakaanga chipsi,
mafuta yale yale tangu Jumatatu.
Tabata Relini palikuwa na taka zinafuka,
nikashukuru kupata mshitakiwa mpya.

Kisha nyumbani, Segerea.
Nikazima gari. Kimya.
Hakuna Fuso, hakuna karai, hakuna taka,
na harufu ile imekaa kiti cha abiria,
imefunga mkanda.

Mke wangu alitoka na kanga ya kulalia,
akavuta hewa mara moja tu:
"Gari lako linaungua."
Lako.
Likiwa zima huwa letu.

Fundi Mkude hakufungua hata boneti.
Alinusa, akatazama viatu vyangu,
akasema ringi zimekwisha, injini ya kutupa,
shemeji yake anayo ya Japani,
milioni mbili na nusu, kwa sababu ni wewe.

Kwa sababu ni mimi, sikulala.

Nikaelekezwa Gerezani, kwa Sikudhani.
Nikamuulizia fundi; chini ya Noah
akachomoza mwanamke, grisi hadi kwenye nyusi.
Alinisoma usoni. "Jina langu," akasema,
"limeshakujibu."

Robo saa hakuongeza neno.
Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa tambara,
akakirudisha, akakichomoa tena:
kidole kizima chini ya alama.
Akaniamuru nikanyage mafuta,
akaenda nyuma kuchungulia bomba la moshi.
"Hakuna ubuluu. Ringi zako nzima.
Oili haiungui ndani, bwana.
Inatoroka nje, inakwenda kujichoma yenyewe."

Akaacha injini ipoe. Akaiosha kwa mafuta ya taa,
akaipangusa mpaka ikakauka,
halafu akafungua pochi, akatoa poda ya mtoto,
akaipaka injini yangu shingoni na kifuani
kama kichanga kinachopelekwa kliniki.
"Zunguka mpaka Mnazi Mmoja, urudi."

Nilizunguka, nikarudi.
Kwenye ule weupe palichorwa mstari mweusi,
mwembamba, kama msafara wa sisimizi,
kutoka chini ya kava la tapeti
hadi juu ya ekzosi inayotokota.
Tone.
Kamoshi.
Tone.

Gasketi ilikuwa kavu kama biskuti;
aliivunja mbele yangu, vipande vinne, nisibishe.
Nilidhani tumemaliza.
Akang'oa kivali kidogo cha pembeni,
akakitikisa karibu na sikio langu.
"Umesikia?"
Sikusikia kitu.
"Basi ndiyo shida. Hiki kinatakiwa kigonge.
Hii ni pua ya injini, imeziba tope.
Ikikosa pa kupumulia, inasukuma oili
popote penye upenyo.
Ningekuwekea gasketi ya dhahabu,
mwezi ujao ungenirudia unanitukana."

Gasketi elfu thelathini na tano.
Pua elfu kumi na tano.
Ufundi thelathini, oili ya kujazia kumi na mbili.
Poda, akasema, ya mwanangu, usiilipie.

Nikawasha. Harufu ikapanda vilevile.
Nilimtazama kama mtu aliyeuziwa simu ya sabuni.
Yeye ananawa kwa Omo na mchanga, wala hainui kichwa:
"Siku mbili. Iliyokwisha kumwagika
lazima iungue yote.
Hiyo ni ya zamani. Mpya haitoki."

Taa za Tazara, saa kumi na mbili jioni.
Kushoto kwangu, jamaa kwenye Harrier nyeupe
akakunja pua, akapandisha kioo,
akaanza kumtazama kwa hasira
dereva wa Fuso aliye mbele yetu.

Nikapiga honi kidogo. Nikateremsha changu.
"Ni mimi," nikamwambia.
"Siku mbili tu."