Jaribio la Leso

Spika ya Fundi Badi hubebwa na watu wawili
na wa tatu wa kusema, "Polepole, mlango huo."
Kasha la mkongo, alilipasua mwenyewe hapa Kuze
mwaka ule maji ya bomba yalipokatika Ramadhani nzima.
Ndani alijaza sufi ya mto wa mkewe,
ili sauti, alisema, isigonge kichwa ukutani.
Bi Rukiya alilala bila mto wiki mbili.
Hilo hulisimulia yeye, kila mgeni anaposifu besi.

Inchi kumi na mbili za karatasi nyeusi,
sumaku nzito kama jiwe la kusagia,
na ukingo wa sponji, ambao chumvi ya mji huu
huula kimyakimya hadi ukawa unga.
Kila baada ya miaka mitano Fundi hukata ukingo mpya,
hupaka gundi kwa njiti ya kiberiti,
kisha husukuma karatasi kwa vidole vinne,
sikio pembeni, pumzi kaizuia,
asikilize kama koili inakwaruza.
Mimi mwanafunzi wake. Nilishika taa.
Sijaona mtu akimpapasa mtoto mwenye homa
kwa adabu kama ile.

Halafu Swabra, binti wa nduguye, akaja kutoka chuo cha Tudor
na kitu mkobani.

"Hiki n'nini, kopo la maziwa?"
"Spika, ami."
"Na mwenziwe yu wapi?"
"Ni hii tu."
Fundi alicheka hadi akakaa.

Swabra hakubishana. Alifunga kamba msumari kwa msumari,
akatundika leso ya mamake katikati ya sebule,
MUNGU KANIPA, WEWE YAKUUMA NINI,
na nyuma yake spika zote mbili, bega kwa bega.
Akazilinganisha kwa simu zisizidiane ukali,
maana sikio, alisema, huhongeka kwa kelele.
Kisha taarabu ileile, mara sita, kwa zamu asiyoijua mtu:
udi, fidla, halafu mwanamke
avutaye pumzi kabla ya ubeti.

"Ya pili," akasema Fundi. "Hiyo nasikia ulimi wake
ukigusa meno."
Tena. "Ya kwanza."
Tena. Alijibu upesi, kama mtu aulizwaye
nyumba aliyozaliwa.

Swabra akashusha leso, akamwonyesha daftari.
Mara tano kati ya sita
alikuwa amechagua kopo.

Bi Rukiya jikoni akafunga bomba, asikie vizuri.

Nilidhani atagomba. Aliuliza tu: vipi?
Swabra akamweleza: mna kompyuta humo, ndogo kuliko ukucha,
inayolijua kosa la spika kabla halijatoka,
ikaliwekea kinyume chake, yakafutana.
Na hizi ngozi mbili za ubavuni hazina waya,
hewa ya ndani ndiyo huzisukuma.
"Hazina waya?"
"Hata mmoja."
"Yalijua kosa lake kabla halijatoka,"
sauti ya jikoni ikasema. "Basi imewashinda wanaume wa nyumba hii."

Fundi akaomba bisibisi.
Akaligeuza kopo juu, chini, ubavu,
akalipitisha kidole kama kipofu asomaye.
"Yafunguliwa wapi?"
"Haifunguliwi, ami. Imegandishwa."
"Ikifa?"
"Wanunua nyengine."

Kushindwa alikuwa ameshakumeza.
Hili la skrubu ndilo lililomkwama kooni.

Siku tisa baadaye nikamkuta kibandani,
mlango nusu, pasi ya makaa inafuka.
Mbele yake kopo bovu, la shilingi mia mbili, la Kongowea,
gundi imelainika, tumbo wazi.
Sufi hamna. Karatasi yenyewe si karatasi,
ni duara lisilofika mdomo wa kikombe cha kahawa.
Hakuniamkia. Aliisogeza taa kwangu
akasukuma kwa kidole kimoja,
maana vinne haviingii,
sikio pembeni,
pumzi kaizuia.