Muhtasari wa Kikao cha Alhamisi

Kikao kilifunguliwa saa kumi na dakika arobaini,
maana ufunguo wa chumba ulikuwa kwa Tata Kilufya,
na Tata Kilufya alikuwa kwenye foleni ya petroli.
Waliohudhuria: washauri sita wa komini.
Mimi ni karani. Naandika yaliyosemwa,
siandiki yaliyomezwa.
Lakini karatasi zetu ni nyepesi,
wino hupenya upande wa pili.

Jambo la kwanza: barabara.
Avenyu Mitumba inatoka soko dogo
imenyooka kama uzi wa fundi mwashi,
ikifika kwa Mama Ngosa, inapinda.
Inapindishwa na kichuguu.
Si kichuguu cha kurukwa na mtoto:
kimepita paa la nyumba, chekundu, kimeotesha mti begani,
mchwa walikianza kabla mtu yeyote hajaiuza shaba ya Katanga.

Mshauri Kapya akasema: barabara ya mji haipindi.
Mshauri Mumba akasema: wewe je, Jumamosi usiku?
(Hilo sikuliandika.)
Mama Ngosa, ambaye hakualikwa,
alikuwa mlangoni, vumbi hadi magotini.
“Ukuta huo unaouegemea, Tata Kapya,
ulitoka katika kichuguu hicho. Niliukanda mimi.
Matofali elfu mbili, nikalipwa ya elfu moja na mia tano.
Mia tano bado ni yangu.
Siku mtakayokivunja, nionyesheni
ni yapi kati ya haya niyabebe.”
Kapya akautoa mgongo wake ukutani, taratibu.
Uamuzi: barabara na ipinde.

Jambo la pili: nguzo ya umeme.
Imelala kartiye ya chini tangu mvua za Novemba.
Watoto wanaikalia, mbuzi wanajikunia.
Shirika linasema nguzo ni ya komini,
komini inasema nguzo ni ya shirika.
Nguzo haijasema.
Uamuzi: iandikwe barua.
Ni barua ya tisa. Naijua kwa moyo.

Jambo la tatu: kijiji cha Kamalenge kiingizwe mjini.
Mawingu yalikuwa yameshuka, taa ikawashwa.
Ramani ikatandazwa, pembe zake zikakandamizwa
kwa chupa, kwa simu, kwa kiwiko cha Tata Kilufya.
Kalamu nyekundu ya Mshauri Chansa ikaanzia kijitoni,
ikavuka mihogo, ikavuka makaburi,
ikapasua nyumba moja katikati:
jiko mjini, kitanda kijijini.
“Watapata maji ya bomba,” akasema.
“Na sisi tulio mjini,” akauliza Mumba, “tutayapata lini?”

Kutoka Kamalenge alikuja mtu mmoja tu,
Kabwita, muuza makala,
baiskeli yake na magunia yake matatu dirishani.
Akasema: “Kila alfajiri nalipa kizuizini, mji unapoanzia.
Mji ukihamia kwangu, kizuizi nacho kitahama.
Kikisimama mlangoni,
nitalipa nikienda chooni?”
Watu walicheka sana.
Yeye alingoja wamalize.

Mumba akatoa hoja: bomba litangulie, mstari ufuate.
Wanaokubali wainue mikono.
Hapo hapo umeme ukakatika.
Nikahesabu kwa tochi ya simu yangu,
ile yenye kioo kilichopasuka.
Wanaokubali: mikono minne.
Wanaokataa: mitatu.
Nikaandika: nne kwa tatu, hoja imepita.
“Umehesabu vizuri?” Kilufya akauliza gizani.
“Nimehesabu mikono,” nikamjibu.

Hakuna aliyejumlisha.
Mkono wa nne ulikuwa mweusi hadi kwenye kifundo,
na kucha zake zilikuwa na masizi.
Uso wake sikuumulika.

Kikao kilifungwa saa moja kasoro, mvua ikianza.
Wote wakakimbia. Nikabaki nikikunja ramani.
Mama Ngosa alikuwa bado mlangoni,
kiganja kimewekwa ukutani,
kama mtu anayempima mtoto homa.
“Yale mia tano,” akasema, “uliyaandika?”
Nikawasha tena simu, nikamwonyesha mahali.