Sharti la Tatu

Jumanne, saa moja usiku, Grimsby.
Chumba kiko juu ya duka la kufulia;
mashine zikianza kukamua, sakafu hututetemesha miguu.
Bi Tattersall anaandika kwa kalamu inayokauka:
sharti sifuri, la kwanza, la pili, la tatu.

Sifuri, asema, ni yale yasiyobishaniwa.
Ukichemsha maji, hutoa mvuke.
Ukishika samaki wa barafu bila glavu, ngozi hubaki kwake.
Huo mfano wa pili ni wa Daiva, wa zamu ya usiku kiwandani.
Anatuonyesha kidole.

La kwanza ni la kesho iliyo karibu:
mvua ikinyesha, tutapanda basi.
Rebwar anainua mkono. Na basi lisipokuja?
Basi, mtatembea.

La pili ndipo Kiingereza kinapofanya kioja.
Zoryana angekuwa na bustani, angepanda bitiruti,
na kwa bitiruti hizo ambazo hazijaota popote
anatakiwa kutumia kitenzi cha jana.
Kwa nini jana? anauliza, karibu kukasirika.
Mwalimu anafikiri, kalamu mdomoni.
Kwa sababu ziko mbali, anasema.
Na lugha hii, ikitaka kusema mbali,
mara nyingi haina pa kuelekeza kidole ila nyuma.

Mimi niko dirishani, kimya.
Kwetu jambo hili ni silabi moja, nge,
na likishapita kabisa ni mbili, ngali,
zimejikunyata tumboni mwa kitenzi, mgeni hazioni.
Hawa wanalianika hadharani, neno juu ya neno,
kama mashuka ya huko chini.

Sharti la tatu. Kitabu kinatoa mfano wa mtu na treni:
angaliamka mapema, angaliiwahi.
Andikeni wa kwenu, dakika tano.
Kalamu zinakwaruza. Rebwar anafuta, anafuta tena, karatasi inatoboka.

Daiva anasoma wake polepole, kidole chini ya kila neno:
Ningalivua glavu, ningaliipokea simu ya mama.

Kila kitenzi kimekaa mahali pake.
Tangu Septemba, ndiyo sentensi yake ya kwanza isiyo na kosa.
Bi Tattersall ameinua kalamu nyekundu kutia alama ya vyema,
nayo imebaki hewani.
Nami ndipo nikaona: sentensi nzima haina neno la kukana,
hakuna "si", hakuna "ha",
na hakuna hata kimoja ndani yake kilichotokea.

Watu wa kwetu husema majuto ni mjukuu.
Hapa ni ukurasa wa arobaini na moja,
mazoezi kuanzia A hadi F.

Mashine zilisimama. Tulisikia maji yakishuka bombani.
Sawa, alisema mwalimu, sauti ndogo. Ni sawa kabisa.
Akatia ile alama kwa penseli.

Nje mvua. Tulingoja kituoni wote wanne,
Daiva kaivuta kofia hadi machoni.
Basi halikuja.
Rebwar akatutazama, akacheka kidogo,
tukatembea.