Upana wa Kidole

Waliniita Malava siku ya tatu ya moshi mweusi.
Kageha, alisema Muyekho kwa simu, karai la nne halichemki,
na nimenunua mota mpya, kubwa,
na mkanda mpya,
na bado tanuru linakohoa kama mtu aliyelala kwenye umande.

Nilifika na mkoba wa spana na kipande cha chaki.
Lutomia, mchochea moto, alikuwa ameketi juu ya makapi ya miwa,
hanitazami. Mwezi ule alikatwa mshahara mara mbili:
kwanza kwa uvivu,
kisha kwa kubisha kwamba si mvivu.

Zima, nikasema.
Nikang'oa fyuzi, nikaitia mfukoni,
nikangoja gurudumu lisimame kabisa,
maana nina vidole tisa
na hadithi ya cha kumi si ya leo.

Nikaingiza kichwa kwenye mdomo wa feni.
Giza la ndani lilinuka asali iliyoungua.
Hapa koni ya bati hupenya kidogo tu ndani ya gurudumu,
kikombe ndani ya kikombe, visigusane.
Gurudumu hili ni la sentimita sitini;
mimi ningeacha nafasi ya sarafu mbili za shilingi kumi, zikibanana.
Nikapima. Zikapita.
Nikaongeza ya tatu, ya nne. Zikapita.
Nikapima kwa kidole. Kidole kikapita
na pete yake.

Nani aliinua beringi?
Kimya. Kisha mtu akakumbuka:
Desemba, shafti ikilia, alikuja fundi mmoja na haraka zake,
akasukuma washa nne chini ya beringi,
gurudumu likapanda, likaanza kukwaruza koni upande wa chini,
naye akachukua grainda akaikata koni yote, mduara mzima,
mpaka kelele ikaisha.
Akalipwa. Kelele si ilikuwa imeisha?

Nilimchorea Muyekho sakafuni kwa chaki.
Hewa iliyokwisha kusukumwa ina presha,
na presha haina adabu: ikiona mlango wa nyuma, inarudi.
Inapenya mwanyani, inaingia tena gurudumuni,
inasukumwa tena, inarudi tena.
Mota inafanya kazi kweli, mita ya stima inakimbia kweli,
ila unalipia pumzi ileile mara mbili
na motoni haifiki.
Hiyo mota kubwa imeongeza wingi wa kurudi.

Basi ziba pote, akasema. Piga lehemu.
Ukiziba, bati litasaga bati,
cheche, kisha kimya cha bei ghali.
Tena ule uzi mwembamba wa hewa,
ukiingia umelalia ukuta wa gurudumu,
huushika mkondo mkubwa usijitenge pale unapokata kona.
Mwanya una kazi yake. Niache niupime.

Nikatoa washa, nikabadilisha beringi,
nikakunja koni mpya kutoka pipa kuukuu la lami.
Saa kumi jioni nikazungusha kwa mkono, polepole,
na sarafu zikapita juu, chini, kushoto, kulia,
kwa ugumu mmoja.

Nikarudisha fyuzi.
Feni, iliyokuwa ikiguna kwa sauti mbili, ikashika moja.
Moshi ukawa kijivu, ukawa karibu haupo.
Lutomia aliinuka bila kuambiwa,
akarusha konzi ya makapi, na moto ukampokonya
kabla hajafungua vizuri kiganja.
Karai la nne likatoa povu.

Muyekho alinilipa, akaongeza bonge la sukari guru
ndani ya jani la mgomba.
Nikamuuliza kuhusu makato ya kijana.
Hayo ni mambo ya ofisi, akasema,
ingawa ofisi ni yeye na daftari lake.

Lutomia alinibebea mkoba hadi barabarani.
Akauliza kama zile washa nne nazihitaji.
Nikampa.
Akazitia mfukoni, akatembea nazo kurudi kiwandani,
zikilia kama pesa.