Vidole Vinne

Ilitoka kwenye belo la Sabasaba,
kati ya makoti ya baridi na shuka za hospitali.
Muuzaji alidhani ni chandarua cha mtoto,
akataja bei ya chandarua.
Mwalimu Ezina hakumsahihisha.
Akaja nayo mbio mpaka barazani kwangu, Chang'ombe,
akaiweka juu ya cherehani kama anayetua trei ya mayai:
"Fundi Perisi, nataka sita kama hii. Jumamosi ijayo."

Tutu, akasema. Tutu ya baleti.
Nikacheka peke yangu. Kiswahili kilishaijua:
kitu kinachojitutumua.

Mimi sishoni nguo ngeni kabla ya kuifumua.
Nikashika wembe. Safu ya kwanza, ya pili,
naye kakalia ndoo iliyopinduliwa, ananisimulia
(huko hajafika; amejifunza kwa simu yenye kioo kilichopasuka).

Zamani walicheza na magauni ya ikulu,
mazito, yenye fremu kiunoni,
mguu umefichwa kama pesa ya kikoba.
Akatokea mmoja akakata upindo. Vidole vinne tu,
watu waone kazi ya kifundo cha mguu.
Mji mzima ukagombana kwa vidole vinne.

Ugomvi huo naujua.
Jana baba yake Nhonya alisimama hapo mlangoni
na futikamba yangu mkononi:
"Ishuke magotini, fundi, au mwanangu hachezi."

Safu ya tano. Sasa ni kengele nyeupe ya melimeli,
inaishia katikati ya muundi,
na binti ndani yake anapita kama mvuke wa chai.
Jukwaani zinawaka taa za gesi.
Hapo Mwalimu akashusha sauti.
Melimeli na moto ni marafiki wa zamani.
Waliungua, anasema, na si mmoja.
Dawa ya kuchovya nguo isishike ilikuwepo,
lakini iliitia umanjano, iliikakamaza,
na wako walioikataa: afadhali nyeupe.

Nikachomoa waya wa pasi ukutani.
Sikusema kitu.
Shangazi yangu wa Mvumi
alikuwa na gauni la nailoni, na koroboi.

Safu ya nane, ya tisa, sketi inapanda.
Miguu imejifunza kuzunguka mara thelathini na mbili
na inataka ihesabiwe.
Gotini. Juu ya goti. Hatimaye sahani,
imelala bapa kiunoni kwa waya wa chuma.
Baadaye wengine wakauchomoa waya, ikawa laini
kama manyoya ya kifaranga.
Wengine wakaivua kabisa, wakacheza na fulana.

"Na sisi?" nikauliza.
Bibi yangu alipiga muheme, ngoma kaibana mapajani,
ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta.
Mama, kaniki. Mimi, kitenge cha kwaya.
Hakuna aliyeandika nani alikata vidole vingapi.

Waya nikaupata kwa fundi baiskeli.
Neti kwa muuza vyandarua ("isiyo na dawa," nikamsisitizia,
akanitazama kama mtu anayependa malaria).
Wanga ni maji ya muhogo.
Ya Nhonya niliishusha vidole viwili,
baba na mwana wakutane njiani.

Usiku wa Ijumaa nikazitundika kichwa chini kwenye kenchi,
ndivyo zinavyolala, asije uzito wake akazilegeza.
Upepo wa Dodoma ukaingia na vumbi lake bila hodi,
zote sita zikajitutumua kwa pamoja,
na taa nilishazima.

Neti ikabaki, safu moja.
Nikaishonea ndani ya gagulo langu.
Jumapili nilipoinuka kupeleka sadaka
ikanong'ona, chwa, chwa, mpaka madhabahuni.
Mshika kapu akainama,
akachungulia chini ya mabenchi, akitafuta panya.