Zamu

Kabla hujafungua hilo boksi la sabuni, Mutheu,
keti.
Nimetoka zamuni, koti bado lina umande wa Lavington,
na nina maneno.

Kule ninakolinda kuna kibao langoni: MBWA MKALI.
Mkali mwenyewe anaitwa Bosko.
Hana meno matatu, na Julai baridi ikikaza
tunagawana gunia ndani ya kibanda.
Aliletwa akiwa hivi, kiganja kimoja,
kijana wa nyumba akampenda wiki tatu
kisha shule zikafunguliwa.
Sasa kijana yuko ng'ambo, ana ndevu na mke.
Bosko bado huinua kichwa kila gari likipiga honi.

Kwa hiyo usiniambie "ni mzuri, Baba, tazama masikio."
Masikio nimeyaona.
Una miaka kumi. Siku utakayomaliza sekondari
huyu atakuwa mzee wa macho yenye ukungu,
na bado atataka kutolewa nje alfajiri.

Maji huja Jumanne na Ijumaa.
Ule mtungi wa bluu sasa una mdomo wa nne.
Ugali mtupu hautamtosha; pitia buchani kwa Mutiso
uulize matumbo, si mifupa ya kuku,
mfupa wa kuku hupasuka ukawa sindano.
Akijisaidia uani, ni wewe na gazeti la juzi,
si mama yako, si mvua.

Na mlango wa Bi Zuhura asiuvuke.
Mama yule ana udhu wake na mkeka wake,
na siku uliyougua surua ndiye aliyekukesha.
Mfundishe mbwa mpaka ulipo
hata kama hakuna ukuta.

Jumamosi tunakwenda kwa daktari wa mifugo.
Kichaa cha mbwa hakibishi hodi.
Pesa ya chanjo ipo: ni ile ya soli za viatu vyangu,
nitatembea na kadibodi mwezi mmoja zaidi,
Nairobi haijawahi kuniuliza nimevaa nini chini.

Neno lenyewe, mbwa, nimewahi kuitwa.
Mtu wa gari jeupe, nilichelewa kumfungulia.
Nilirudi kibandani nikakaa na Bosko,
nikamwomba radhi kwa jinsi jina lake lilivyotumika.
Humu ndani litatamkwa vizuri.
Hilo nalo liandike.

Usiku atalia.
Si njaa, si ujeuri: anatafuta mbavu za mama yake
na hazipo, na hatujui kumweleza.
Mimi sitakuwepo, nitakuwa nalinda usingizi wa watu wengine.
Mama yako anaamka saa kumi kukaanga mandazi.
Sasa hesabu mwenyewe nani amebaki.

Hakujibu. Alifungua boksi.

Asubuhi iliyofuata nilipofika Kariobangi
jua lilikuwa limeshaanika paa za mabati,
mlango haukuwa na komeo,
na binti yangu alikuwa sakafuni, sare ya shule juu ya nguo za kulalia,
mkono mmoja ndani ya boksi hadi kiwiko.
Kando yake daftari la hesabu, ukurasa wa mwisho,
amelipigia mistari kwa rula
kama kitabu changu cha matukio:

Saa sita. Amelia.
Saa saba. Amelia. Nimempa maziwa kidogo.
Saa nane. Amekojoa kwa boksi. Nimefuta.
Saa nane na nusu. Amelia, na mimi pia.
Saa kumi. Mama ametupita, amecheka.
Saa kumi na moja. Hali shwari.

Nilivua viatu mlangoni wasiamke.
Kidude kilifungua jicho moja,
kikanitazama kama ninavyotazama wageni wasio na miadi,
kikalifunga.

Nikachukua kalamu.
Chini ya mstari wake, kwa mwandiko wa kazini:
Saa moja kasorobo. Nimepokea zamu.

Nikatia sahihi.